Togwa ya Lini Hiyo?

Mfyuuu! Nasonya, tena nasonya kwa sauti ili hata wa ng'ambo ya barabara anisikie. Mtoto wa darasa la pili anamiminiwa togwa iliyolala siku tatu kwenye dumu lililofungwa, na joto hili la Magole, akifika shuleni anasinzia dawatini, halafu mtu mzima mwenye akili zake anasema, "Mwacheni, hiyo si pombe, hiyo togwa." Kauli hiyo ndiyo iliyotukalisha kijiweni tangu asubuhi, na leo haiondoki hapa bila kujibiwa.

Kijiwe chetu kiko njia panda, pale barabara ya Turiani inapoachana na ile kuu ya Morogoro na Dodoma. Bodaboda upande huu, matenga ya nyanya na magunia ya vitunguu upande ule, muuza kahawa katikati na birika lake. Kila anayepita ana kiu. Wa basi ana kiu, wa lori ana kiu, anayetoka kupalilia mpunga ndiyo usiseme. Kwa hiyo cha kunywa hukikosi: soda, maji ya chupa, juisi ya miwa, ubuyu, ukwaju, mtindi wa kina mama wa Kimasai, malti za kopo, na togwa. Vyote hivyo tumezoea kuviita vinywaji visivyo na kilevi, tukavinywa, tukawapa watoto, tukawakaribisha wajawazito. Mimi nasema tumevichanganya kivivu, na uvivu huo unaumiza watu.

Kijana mmoja wa bodaboda akadakia. "Wazee wangu, mbona mnajisumbua? Pombe ni ile inayolewesha. Kama mtu hajayumba, hajanywa pombe."

Nikamwambia, mwanangu, kwa kipimo hicho yule mwenye kichwa kigumu anayemaliza bia nne na kutembea amenyooka, basi alikuwa anakunywa maji. Kuyumba ni habari ya mnywaji. Kilevi ni habari ya kilichomo kwenye kikombe. Mtoto wa kilo ishirini na mtu mzima wa kilo themanini hawayumbishwi na kipimo kimoja. Tusianze na miguu ya mtu, tuanze na sufuria.

Na sufuria la kuanzia lipo hapahapa. Tulimwamkia shangazi yetu muuza togwa, akaitikia marahaba, tukamwomba atueleze kazi yake hatua kwa hatua, naye hakutuficha kitu. Anapika uji wa mahindi, mzito. Anauepua, anauacha upoe mpaka kidole kivumilie. Kisha anachukua kimea, yaani ulezi uliolowekwa, ukafunikwa mpaka ukachipua, ukaanikwa, ukasagwa. Anakinyunyiza kwenye uji huku anakoroga. Hapo ndipo pa kutazama. Mwiko uliokuwa unasimama wenyewe unaanza kulala. Dakika chache tu na uji umelegea, umekuwa mwepesi, unazunguka bila kusukumwa, na ukionja ni mtamu ilhali sukari hajatia hata kijiko. Kimea kimeukata wanga na kuugeuza sukari. Anafunika, anaacha ilale. Kesho yake kuna uchachu mwembamba uliopanda juu ya utamu, na hiyo ndiyo togwa tuliyolelewa nayo.

"Na ikizidi hapo, shangazi?"

"Ikizidi hapo, jioni ya siku ya pili inaanza kutoa mapovu. Siku ya tatu ukilegeza kifuniko kinataka kukuruka. Hiyo simpi mtoto. Hiyo wana wenyewe, na wanajua kuifuata."

Sikilizeni basi! Mwenye kazi yake anaujua mpaka, na anausema bila kuulizwa mara mbili. Nasonya kwa ajili ya wale wanaoujua mpaka huo na kuuruka, na kwa ajili yetu tunaonunua bila kuuliza.

Anayosema shangazi yamethibitishwa hapo Morogoro mjini, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Jovin Mugula na wenzake waliichunguza togwa na mwaka 2003 wakachapisha walichokikuta. Ndani yake walikuta bakteria wa asidi ya maziwa, jamii ya Lactobacillus, ambao ndio wanaoipa uchachu. Pamoja nao walikuta chachu za aina kadhaa, ikiwemo Saccharomyces cerevisiae, chachu ileile inayoumua mkate na kutengeneza bia. Maana yake ni kwamba ndani ya dumu moja wafanyakazi ni wa aina mbili na wote wanagombea sukari moja. Bakteria wanaigeuza kuwa asidi. Chachu inaigeuza kuwa kilevi na hewa ya ukaa. Mwanzoni bakteria wako mbele sana, na ndiyo maana togwa ya siku moja ina uchachu tu. Muda ukisogea na sukari ikiwa bado ipo, chachu nayo inapata zamu yake. Mapovu anayoyasema shangazi ni hewa ya ukaa inayotafuta njia ya kutokea, na kilevi kinabaki chini, hakina haja ya kutoka.

Kwa hiyo anayeuliza kama togwa ina kilevi au haina, ameuliza nusu ya swali. Togwa ya lini hiyo? Ndilo swali zima.

Na hapa nasonya mara ya pili, kuelekea upande wa pili. Kuna waungwana waliorudi kutoka mjini wanaiita togwa pombe ya watoto, wanataka ifukuzwe mezani kabisa, mahali pake pakae soda. Mfyuuu! Mwaka 1994 Wilbald Lorri, mtaalamu wetu aliyepata kuiongoza Taasisi ya Chakula na Lishe, pamoja na Ulf Svanberg wa Sweden, walichapisha utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania. Watoto wadogo waliolishwa uji wa nafaka uliochachushwa kwa bakteria wa asidi ya maziwa walipata kuhara kwa nadra kuliko wenzao waliokula uji wa kawaida. Asidi ile vijidudu vingi vya kuharisha haviistahimili. Na kimea kinaufanya uji uwe mwepesi kunyweka bila kuongezwa maji, kwa hiyo mtoto anapata chakula zaidi katika kikombe kilekile. Sisi wa Magole na Dumila tunaojua maana ya maji machafu, tuliokumbwa na mafuriko ya Januari 2014 yaliyokata barabara kuu na kuacha familia kwenye mahema, hatuwezi kuidharau dawa ya namna hiyo. Togwa ya siku moja, iliyopikwa safi, ni heshima ya nyumba. Ninaipigania. Na kwa sababu ninaipigania, sitaki jina lake libebe dumu la siku tatu.

Fundi baiskeli akauliza swali zuri. "Sawa, lakini Serikali nayo si ina kipimo chake? Waliosoma wanakata wapi?"

Wanakata kwenye nusu asilimia. Kitabu cha ushuru wa forodha kinachotumika duniani karibu kote, na ambacho ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umejengwa juu yake, kinasema katika sura yake ya 22 kwamba kinywaji kisicho na kilevi ni kile ambacho kilevi chake hakizidi asilimia 0.5 ya ujazo. Kenya nao, katika sheria yao ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, wanahesabu kuwa ni kileo kinywaji kinachoanzia nusu asilimia kwenda juu. Marekani waliikamata namba hiyo tangu sheria yao ya kupiga marufuku pombe ya mwaka 1919. Ujerumani bia ya nusu asilimia inaruhusiwa kuandikwa haina kilevi. Uingereza mwongozo wao ni mkali zaidi: neno hilo wanalitaka kwa kinywaji kisichozidi asilimia 0.05, yaani sehemu ya kumi ya ile ya Wajerumani. Bia moja, ikivuka maji kidogo tu, inabadilishiwa maneno.

Na nusu asilimia ni kiasi gani? Chukua chupa ya nusu lita. Nusu asilimia yake ni mililita mbili na nusu, nusu ya kijiko cha chai. Bia ya kawaida ya asilimia 5, chupa hiyohiyo, ina mililita ishirini na tano. Ndiyo kusema unahitaji chupa kumi za ile kupata kilevi cha moja ya hii, na kabla hujafika ya kumi tumbo limekataa. Kwa mtu mzima mwenye afya, hiyo si habari ya kumkosesha usingizi.

Tena tusijidanganye kwamba sifuri kamili iko kila mahali. Wajerumani watatu, Gorgus, Hittinger na Schrenk, mwaka 2016 walichapisha vipimo vya vyakula ambavyo hakuna anayevishuku. Juisi za dukani za machungwa, matufaha na zabibu walizikuta na kilevi kidogo, kisichozidi gramu moja kwa lita. Mikate laini ya kufungia baga, iliyokaa kwenye mfuko wa plastiki, baadhi ilipita gramu moja katika kila gramu mia, zaidi ya juisi yoyote waliyoipima. Mkate! Panapokuwa na sukari na chachu, kilevi kinapita, kingi au kidogo. Kwa hiyo anayetaka kumtisha mama mjamzito kwa glasi ya juisi ya chungwa anapoteza muda wa watu.

Lakini hebu tazameni tatizo la hiyo nusu asilimia. Inasomwa na mashine ya maabara na kuandikwa kwenye lebo. Shangazi hana mashine, dumu halina lebo. Alichonacho ni saa ya ukutani, joto la siku na pua yake. Sheria ya kipimo cha maabara haimfikii mtoto wa Magole. Kinachomfikia ni neno la aliyepika. Ndiyo maana nasema kipimo chetu sisi ni umri wa kinywaji, na muuzaji kutouficha.

Wakati huo Ustadhi alikuwa ameshamaliza kahawa yake. Akasema, "Hilo la umri silo geni kwetu." Akatukumbusha kanuni inayojulikana na kila aliyesoma madrasa, kwamba kinywaji ambacho kingi chake kinalewesha, kidogo chake nacho hakiruhusiwi. Kisha akatueleza yaliyopokelewa kuhusu Mtume. Zabibu zililowekwa kwenye maji, akanywa maji yake siku hiyo na siku iliyofuata, hadi jioni ya siku ya tatu, na kilichobakia baada ya hapo hakukinywa tena. Maji yaleyale, zabibu zilezile, kilichobadilika ni siku. Wanazuoni wa siku hizi wamelazimika kuongeza namba. Baraza la maulamaa la Indonesia, kwa fatwa yake ya mwaka 2018, limeweka kikomo cha chini ya asilimia 0.5 kwa vinywaji vinavyoruhusiwa. Lakini Ustadhi akasisitiza: pale pasipo na mashine, mtu anaishika siku.

Mwinjilisti naye hakukaa kimya. Hapa kwetu Ukaguru, akasema, ubishi huu una umri mkubwa kuliko sisi sote. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walipofungua kituo hapo Mamboya karibu na mwaka 1880, katika njia ileile ya misafara iliyokuwa imeleta Uislamu kutoka pwani, waliwataka waumini waachane na pombe. Na pombe ilikuwa ndiyo chombo cha kila jambo la kijiji: kulima kwa pamoja, mahari, matambiko, kupatana. T. O. Beidelman, Mmarekani aliyeishi na Wakaguru mwaka 1957 na 1958, aliandika makala nzima, iliyotoka 1961, kuhusu unywaji wa pombe na wizi wa ng'ombe Ukaguru. Mtu aliyebatizwa alilazimika kujua kwa hakika kikombe anachopewa na shemeji yake ni cha upande gani. "Na mpaka leo," Mwinjilisti akasema, "mtu wangu akialikwa kwenye kazi ya shamba anapewa kikombe, anaambiwa ni togwa. Akishakunywa ndipo anasikia kichwa. Nani amemkosesha? Aliyemdanganya."

Ustadhi akaitikia kwa kichwa. Mara nyingi hawa wawili hupishana kijiweni, ila kwa hili walisimama pamoja: mtu asinyweshwe kwa hila.

Sasa linganisheni na Iringa. Hapa Kilosa tunapakana na njia ya huko kwa upande wa Mikumi, na ulanzi tunaufahamu. Ule unaokingwa kwenye mwanzi asubuhi ni mtamu, mwepesi, wanauita mtogwa. Ukikaa unakuwa mkangafu, na mkangafu unaangusha mtu. Muuzaji anayejiheshimu anakuuliza mapema unataka upi. Muuzaji huyo hapeleki ulanzi wake maabara, lakini mnunuzi hadanganywi. Magharibi mwa Uganda, Wanyankole na Wakiga wana obushera wa mtama. Ule mtamu wa siku ya mwanzo wanakunywa hata watoto, na ukichachuka siku kadhaa unakuwa wa wakubwa. Watu wamekuwa wakiishi na vinywaji vya aina hii bila kudhuriana kwa sababu kila mmoja alijua siku, na kudanganya siku kulikuwa aibu.

Juisi ya miwa je? Barabara hii ya Turiani inakwenda Mtibwa, kwenye miwa yenyewe. Muwa unapita kwenye mashine pamoja na tangawizi na limau, unakunywa umesimama, hakuna kinywaji kitamu kuliko hicho na hakina kilevi cha kuzungumzia. Ila ile inayobaki kwenye ndoo tangu asubuhi mpaka jioni, bila barafu, nzi wakiizunguka, hiyo ni sukari tupu inayoisubiri chachu. Wapare wanatengeneza dengelua kwa maji ya muwa hayohayo, na Tanga wana boha, na zote ni pombe kamili. Kwa hiyo juisi ya muwa inunue ikitoka mashineni au usinunue. Mtindi wa Wamasai una usalama wake, kwa kuwa humo bakteria wa asidi ndio wenye nguvu na sukari ya maziwa chachu nyingi haziiwezi. Ukwaju na ubuyu vilivyokorogwa leo havina neno. Vikilala nje, onja kwanza mwenyewe kabla ya mtoto.

Tuje kwenye makopo na chupa, maana vijana wanasema huko ndiko usalama ulipo. Kwa kiasi fulani wana haki: lebo ipo, na anayeandika 0.0 anaweza kushtakiwa. Lakini humo pia kuna namna mbili, na wanunuzi wengi hawazitofautishi. Kuna malti tamu, kama ile Grand Malt ya Tanzania Breweries iliyoipa jina Ligi Kuu ya Zanzibar mwaka 2012, au Alvaro iliyotolewa na East African Breweries kule Kenya mwaka 2008. Hizi zinauzwa kama soda ya shayiri. Na kuna bia iliyopikwa ikawa bia kamili, kisha ikaondolewa kilevi, kama Heineken 0.0 iliyoingia sokoni mwaka 2017. Kilevi kinaondolewa kwa kuipasha bia moto mdogo ndani ya mtungi ulionyonywa hewa, au kwa kuipitisha kwenye chujio laini mno. Ladha, harufu na umbo la chupa vinabaki vilevile.

Hata wakubwa wa dunia hawajakubaliana waiweke wapi. Kitabu cha forodha kinaiweka bia isiyo na kilevi kwenye kundi la soda na maji yenye ladha. Lakini Codex, kitabu cha viwango vya chakula cha FAO na WHO, katika orodha yake ya viambata imegawa vinywaji mara mbili: 14.1 ni visivyo na kilevi, 14.2 ni vileo. Na hiyo bia isiyo na kilevi wameiweka 14.2, pamoja na vileo. Chupa moja, rafu mbili tofauti, na hakuna aliyekosea hesabu. Mmoja ameangalia kilichomo, mwingine ameangalia ukoo wake na namna inavyotengenezwa.

Mimi nakubaliana na wote wawili, kutegemea nani anakunywa. Tuna ndugu zetu walioacha pombe. Wameacha kwa shida, wengine baada ya kuuza shamba na kupoteza ndoa. Anakuja harusini, kamati inamwekea mezani chupa ya kijani yenye harufu ileile na povu lilelile, wanamwambia, "Kunywa, hii haina kitu." Haina kilevi, kweli. Lakini mkono umeshika chupa aliyoapa kutoishika, pua imenusa ilichokisahau, na baada ya saa moja yuko nyuma ya turubai anatafuta ile yenye kitu. Mfyuuu! Kamati ya harusi, muulizeni kwanza. Muwekeeni soda, muwekeeni maji, muwekeeni ubuyu wa baridi. Kinywaji kinachomrudisha mtu shimoni si salama kwake hata kama lebo ina sifuri mbili.

Nesi wa zahanati, ambaye alikuwa anasubiri bodaboda, akaongeza lake kabla hajapanda. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha kilevi kinachoweza kuitwa salama kwa afya. "Mjamzito simkatazi togwa," alisema. "Namwambia anywe ya leo. Ya juzi aiache. Na mtoto vilevile." Maneno machache, na mimi sina la kupunguza.

Sasa niwaambie nani hasa wananifanya nisonye. Si shangazi. Ni yule anayeongeza sukari na hamira ya maandazi kwenye dumu ili togwa "ichangamke" upesi, kisha akapanga chupa kandokando ya barabara kwa jina lilelile la togwa. Ni yule anayemimina mpya juu ya masalio ya juzi bila kuosha dumu, akaikuza chachu ya zamani katika uji wa leo. Ni yule anayejaza kwenye chupa za maji zilizookotwa, akafunga kizibo kwa nguvu, akaziacha juani mpaka chupa ikavimba ubavu. Chupa ya namna hiyo ukiishika imekakamaa, na ukifungua inafoka mpaka kwenye kiwiko. Nimeona mtoto akiletewa hiyo na kuambiwa ni ya shule. Viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vilipigwa marufuku nchi nzima tarehe 1 Machi 2017 kwa sababu vilikuwa rahisi mno kufika mikononi mwa watoto. Kiroba angalau kilijulikana ni pombe. Dumu hili linapita mbele ya mwalimu, mbele ya mtendaji, mbele ya mama mzazi, na wote wanalipisha kwa heshima ya jina la togwa.

Basi tukakubaliana pale kijiweni, na nayaandika ili asiyekuwepo ayasome. Muuzaji wa togwa aandike kwa chaki au makaa ubavuni mwa ndoo siku na saa aliyotia kimea. Chaki haina gharama. Ya siku moja iuzwe kwa wote. Ikianza kutoa mapovu, iondolewe mbele ya watoto, na anayeitaka aitake kwa kujua. Dumu lioshwe kwa maji ya moto kabla ya uji mpya. Hamira isitiwe, na anayeitia aseme anauza pombe, afuate taratibu za wauza pombe. Walimu, angalieni chupa zinazovimba kwenye mifuko ya wanafunzi. Viongozi wa vijiji na maofisa afya, kabla ya kukamata wanawake na masufuria yao, wafundisheni, kwa kuwa wengi wao wanajua tayari na wanahitaji tu kuungwa mkono dhidi ya wachache wanaoharibu. Na Shirika la Viwango, lililokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, liwafuate watengenezaji wadogo huku njia panda na vipimo vya bei nafuu, lisikae likisubiri waende Dar es Salaam.

Mnunuzi naye asijifiche nyuma ya muuzaji. Pesa ni yako, mtoto ni wako. Uliza ya lini, tazama kifuniko, nusa, onja wewe kwanza. Ukijibiwa vizuri, lipa na ushukuru, kwa maana umepata chakula na kinywaji katika kikombe kimoja. Ukijibiwa kwa kupepesa macho, rudisha kikombe na uende zako kwa anayejibu.